Spea Isiyo na Jina Ndiyo Ghali Kuliko Zote

Hakuna sentensi fupi inayomgharimu Mkenya mwenye gari kuliko hii: "Hii imeisha." Fundi huitamka akiwa amelala chali chini ya gari, kidole kikielekea mahali penye giza na grisi. Mwenye gari, ambaye huenda ni mwalimu mwenye shahada mbili, huinama, hutazama, haoni kitu, kisha huuliza swali moja tu: "Ni pesa ngapi?" Kwa mwanaisimu, sentensi hiyo ina upungufu wa namna mbili. Kiashiria "hii" hakina nomino inayokifafanua, na kitenzi "imeisha" hakina kipimo. Ni kitu gani kilichoisha? Kimeisha kiasi gani, na kwa ushahidi upi? Maswali hayo hayaulizwi, na kwa kuwa hayaulizwi, mshahara wa nusu mwezi hutoweka kabla ya saa sita mchana.

Nadai katika makala haya kwamba ughali wa spea nchini mwetu ni, kwa kiasi kikubwa, tatizo la lugha. Sikanushi kuwa ushuru, thamani ya sarafu na tamaa ya baadhi ya wafanyabiashara vina mchango wake. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifikia kiasi cha shilingi 160, na bidhaa zinazoagizwa kutoka ng'ambo zikapanda bei. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Lakini hayo ni mambo ambayo mimi na wewe, msomaji, hatuna uwezo wa kuyarekebisha kesho asubuhi. La majina tunaliweza. Kitu kisicho na jina hakiwezi kulinganishwa bei, hakiwezi kudaiwa dhamana, wala hakiwezi kurudishwa dukani. Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Katika soko la spea, asiyejua jina hutozwa.

Mtaa wa Membley ninakoishi, ulio kando ya Barabara Kuu ya Thika karibu na mji wa Ruiru, ni kielelezo kizuri cha jambo hili. Wengi wetu ni watu wa mshahara: walimu, wahadhiri, wauguzi, makarani. Barabara ile iliyopanuliwa na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012 ilitufanya tuione Nairobi kuwa karibu. Gari huku si pambo. Ndilo linalomfikisha mwalimu kazini kabla ya kengele ya asubuhi na kumpeleka mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Na gari lenyewe aghalabu ni Toyota, Nissan, Mazda au Honda iliyotumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Mjini Thika, safari fupi kutoka hapa, kuna kiwanda kilichoanza kuunganisha magari katika miaka ya 1970 kikiitwa Leyland. Leo huitwa KVM, na mnamo 2016 Volkswagen ilianza tena kuunganisha magari yake humo. Hata hivyo, gari jipya la kiwandani si gari ambalo mwalimu wa kawaida analimudu.

Hali hii ina historia. Kabla ya masharti ya uagizaji kulegezwa mapema katika miaka ya 1990, magari mengi mapya yalikuwa yakiunganishwa humu nchini. Aina zake zilikuwa chache, na fundi aliyezimudu aina tano au sita alikuwa amekwisha kuwa bingwa. Leseni za uagizaji na vikwazo vya fedha za kigeni vilipoondolewa, mlango ukafunguka. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani ukiwa kulia. Tena sheria yake humtaka mwenye gari jipya alipeleke kwenye ukaguzi baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama kubwa, hivyo wengi huona heri wauze. Kwa upande wetu, kanuni ya KEBS iitwayo KS 1515 ya mwaka 2000 huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane. Matokeo ni kwamba tumepokea magari ya aina nyingi ajabu, tena yaliyotengenezewa soko la ndani la Japani. Kitabu cha maelezo, kikiwamo garini, kimeandikwa Kijapani. Tumenunua chombo ambacho hatuwezi kusoma maelezo yake.

Hata hivyo, wananchi hawakubaki mabubu. Walijiundia majina. Nenda popote nchini useme "NZE", nawe utaeleweka mara moja kuwa unazungumzia Toyota Corolla ya miaka ya 2000. Jina hilo limetoka kwenye kibati kilichomo katika chumba cha injini, ambapo gari huandikwa NZE121, kisha kistari, kisha nambari yake ya pekee. NZ ni ukoo wa injini, E ni ukoo wa Corolla, na 121 hutambulisha toleo lake. Kabla yake palikuwa na AE100 na AE110, ambazo nazo watu walizoea kuziita kwa nambari. Huu ni mfano wa kuvutia wa uundaji wa maneno: msimbo wa kiwandani umegeuka kuwa nomino ya sokoni. La muhimu zaidi kwa mifuko yetu ni kwamba nomino hiyo imebeba habari. Anayesema "nataka pedi za breki za Corolla" hajasema kitu, maana Corolla zimekuwapo tangu 1966. Anayetaja nambari nzima ya fremu amekwisha kulitenga gari lake na mengine yote.

Spea nazo zina sarufi yake. Nambari ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu au herufi kumi, zikigawanywa katikati kwa kistari. Tano za kwanza hutaja aina ya kifaa. Tano za mwisho hutaja ni cha gari lipi na toleo lipi. Palipo na 04465 ni pedi za breki za mbele. 04466 ni za nyuma. Palipo na 48510 ni shokabsoba ya mbele upande wa kulia, na 48520 ni ya kushoto. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona papo hapo kwamba huu ni mfumo wa mzizi na viambishi. Kama vile mzizi -som- unavyobaki na maana yake katika "nilisoma" na "watasomeshwa", ndivyo 04465 inavyobaki kuwa pedi za mbele, liwe gari hili au lile.

Aliyeinakili nambari hiyo kutoka kwenye spea ya zamani au kisanduku chake anaweza kupiga simu katika maduka matatu: Ruiru, Thika, na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Atauliza bei ya kitu kile kile. Ushindani ambao wanauchumi husema ndio kinga ya mnunuzi huanzia hapo. Asiye na nambari atapewa bei za vitu vitatu tofauti, achague iliyo ndogo, na aende zake akidhani ameokoa pesa.

Jina pia humkinga mtu asiuziwe kitu ambacho gari lake halina. Injini nyingi za zamani huendesha vali zake kwa mkanda wa taimingi, ambao aghalabu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ambao ukikatika waweza kuiharibu injini vibaya. Injini ya 1NZ iliyomo katika hizo NZE haina mkanda huo. Ina mnyororo wa chuma. Basi mwenye NZE ya namna hiyo akiambiwa kuwa mkanda wake wa taimingi umeisha, hahitaji kuwa makanika ili akatae. Anahitaji maneno mawili tu, mkanda na mnyororo, na kujua lipi ni la gari lake.

Neno la hatari kuliko yote dukani ni "jenuini". Nimelisikiliza kwa miaka kadhaa jinsi nisikilizavyo lahaja, na nimelipatia maana tano. Jenuini ya kwanza ni spea iliyo katika kisanduku cha mtengenezaji wa gari mwenyewe. Ya pili ni ya kampuni inayomuuzia mtengenezaji huyo. Denso, Aisin, Akebono, KYB na NGK, kwa mfano, ni kampuni za Kijapani ambazo zimeviuzia viwanda vya magari kwa miaka mingi, na pia huuza kwa majina yao zenyewe, mara nyingi kwa bei ya chini. Ya tatu ni "eks-Japani", yaani iliyofunguliwa kutoka kwenye gari lililotumika huko. Ni halisi, lakini si mpya. Ya nne ni nakala ya kampuni nyingine isiyojificha, iwe nzuri au mbaya, ambayo muuzaji huiita jenuini kwa kuwa "inafanya kazi". Ya tano ni ghushi, iliyotiwa katika kisanduku chenye jina lisilo lake. Neno moja linapobeba maana tano zenye bei tano, huwa ni pazia.

Njia ya kuliondoa pazia hilo ni kuacha kuuliza, "Hii ni jenuini?", kwa maana sijawahi kumsikia muuzaji akijibu la. Uliza badala yake: imetengenezwa na nani? Ni mpya au imetumika? Nambari yake ni ipi? Kisha majibu hayo yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayemtofautisha na jirani yake mlaghai. Tena tutazame maandishi ya kisanduku. Katika duka moja nilionyeshwa kisanduku ambacho Kiingereza chake kilikuwa na makosa matatu ya tahajia katika sentensi mbili. Mwalimu aliyezoea kalamu nyekundu ana silaha ambayo pengine hajui kuwa anayo.

Hapa hatuzungumzii pesa pekee. Ubaya wa pedi ghushi hauonekani gari likiwa limesimama; huonekana linaposhuka mteremko likiwa limebeba watoto wa shule. Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008, na ipo mamlaka iliyoundwa kuitekeleza. Lakini mlalamishi anayefika huko akisema "niliuziwa kitu kibaya", bila risiti inayokitaja kitu hicho, hana pa kuanzia.

Tutofautishe vilevile maneno mawili ambayo tumezoea kuyachanganya: rahisi na nafuu. Wazee walituonya kuwa rahisi ni ghali. Kitu rahisi kina bei ndogo leo. Kitu cha nafuu kina gharama ndogo ukiigawa bei yake kwa siku utakazokitumia. Kwa msingi huo, eks-Japani yaweza kuwa nafuu kabisa ukitafuta mlango, taa, bampa au kioo cha pembeni, kwa sababu ubovu wa vitu hivyo huonekana kwa macho. Lakini pedi za breki, bushi, boljointi na mikanda havifai kununuliwa vikiwa vimetumika, maana umri wake ndiyo thamani yake, nao umekwisha kuliwa na mwingine. Tairi nalo lina tarehe yake ya kuzaliwa: tarakimu nne ubavuni, ambapo 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lililokaa ghalani miaka kumi ni kikongwe aliyejipaka wanja. Na spea ya nafuu kuliko zote ni ile ambayo hukuinunua kwa sababu ulibadilisha oili kwa wakati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nisije nikaeleweka kuwa nawashutumu mafundi. Fundi wa Ruiru aliyeanza kama spanaboi na kujifunza kwa kutazama ana elimu isiyopatikana katika jumba lolote la mihadhara. Huisikiliza injini jinsi mimi ninavyosikiliza lafudhi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, iliutambua mchango wa watu kama yeye, na serikali ikaja kutoa waraka wa sera Nambari 2 wa 1992 kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Tangu wakati huo tumezungumza sana juu ya vibanda na mikopo. Juu ya lugha ya kazi tumezungumza kidogo mno.

Matokeo yake ni mgawanyiko wa elimu. Ujuzi wa fundi umo katika Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Ujuzi wa katalogi umo katika Kiingereza na Kijapani. Na mitihani ya ufundi vyuoni kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo kijana anayeutambua mlio wa beringi iliyochoka kabla gari halijasimama hushindwa kuuthibitisha ujuzi wake kwenye karatasi. Naye mhitimu wa chuo anayeweza kuuchora mfumo mzima wa breki hushindwa kumweleza mwenye gari kwa lugha anayoielewa. Kati ya wawili hao pana ufa, na pesa zetu hutumbukia humo.

Shule nazo zina kazi hapa. Mwanafunzi wa sekondari hufunzwa kuwa kompyuta ni tarakilishi na simu ya mkononi ni rununu. Hukariri majina ya makundi na tanakali za sauti. Lakini mwulize tofauti kati ya mkanda wa taimingi na mkanda wa feni, au kati ya bushi na beringi, naye huenda akanyamaza, ilhali mzazi wake hulipia vitu hivyo kila mwaka. Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 1990 TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, imekuwa ikisanifu istilahi kwa miongo kadhaa. Kwa spea kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa maneno tayari yamo vinywani mwa watu.

La kuepuka ni kuketi ofisini na kubuni maneno mazuri ambayo hakuna fundi atakayeyatumia. Vitabu husema "vipuri". Soko husema "spea". Yote mawili ni maneno halali, lakini kamusi ya gereji ianze na lile la sokoni, kisha ilifafanue. Bushi ibaki bushi, na giaboksi ibaki giaboksi, mradi kila moja ielezwe kazi yake, dalili za kuchakaa kwake na namna ya kuipima. Wala kamusi hiyo haitawafaa Wakenya pekee. Gerezani jijini Dar es Salaam na soko la Kisekka jijini Kampala huuza spea za magari yale yale ya Kijapani. Kanuni zetu za uagizaji zinatofautiana, kwani Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mnamo 2018. Lakini spea za gari moja ni zile zile pande zote za mpaka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingekuwa mlezi mwafaka wa mradi huo.

Hili si ombi la hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Kifungu cha 7 husema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivyo pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini kisanduku cha pedi za breki huuzwa humu nchini kikiwa na lugha tatu au nne ubavuni, Kiswahili kikiwa hakimo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwenye gari awe na daftari lenye nambari ya fremu, jina la injini, na nambari ya kila spea inayobadilishwa pamoja na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Na ile ya zamani airudishiwe mkononi aione. Pili, kila gereji, hata iliyo chini ya mti, iandike mambo manne: jina la spea, nambari yake, mtengenezaji wake, na kama ni mpya, imetumika au ni nakala. Tatu, vyuo vya ufundi vifundishe na kutahini kwa Kiswahili pia, na KEBS idai maelezo ya Kiswahili kwenye spea zinazohusu usalama. Nne, na hili halihitaji bajeti, mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wake kwenye gereji iliyo karibu na shule, kila mmoja arudi na maneno ishirini, maana zake na michoro yake. Darasa moja lenye bidii litakuwa limeanza kamusi ambayo serikali haijaianza.

Kuna atakayesema kwamba mlaghai atadanganya hata kwa nambari. Ni kweli. Lakini uongo ulioandikwa una mwandishi wake. Uongo wa "hii imeisha" hauna mwenyewe. Fundi ana jina, duka lina jina, na gari lina jina kwenye logibuku. Spea nayo tuipe jina lake, ndipo tuanze kuzungumza bei.